Pengo Kwenye Wimbo wa Mzee Kaleli

Babangu alikuwa anakimbia wimbo wake mwenyewe, na sikuwa najua kwa nini.

Tangu stroke impate, Mzee Kaleli hakuwa ameongea hata neno. Halafu akaanza kukataa uji. Na kila nikimwekea kwa simu ule wimbo wa blues aliorekodi akiwa kijana, alikuwa anageukia ukuta analia.

Daktari alishatuambia tumrudishe nyumbani Gatuanyaga, tukae naye. Nyinyi wasee mnaelewa maana yake.

Mimi napiga gitaa ya roki. Maombi sijui. Nikajiambia, labda hiyo rekodi imezeeka. Nikiipiga upya, na moto, Mzee ataamka.

Nikaenda Kiuu kwa studio ya beshte yangu Gachau. Tukaacha sauti ya Mzee vile ilivyo, mimi nikaizungushia roki.

Shida ikawa pengo. Mzee anaimba mstari, anadonoa nyuzi kidogo, halafu kimya. Kila mstari hivyo.

Nikajaza solo. Nikaongeza distortion, ile sauti ya gitaa kukwaruza, mpaka dirisha likatetemeka.

"Buda, hiyo ni kelele," Gachau akasema.

"Basi weka ngoma."

Akaweka. Ikawa mbaya zaidi. Nikaketi kwa carpet nikalia. Mzee wangu alikuwa anaenda na sikuwa na kitu cha kumpelekea.

Simu ikaita. Ni mamangu, Mwaitu vile tunamwita.

"Muema, njoo. Leo hata maji amekataa."

"Mwaitu, kwanza niambie. Hizi nafasi aliacha kwa wimbo ni za nini?"



"Ni za Kisilu, rafiki yake. Walikuwa wanapiga gitaa wawili. Babako anauliza, Kisilu anajibu. Siku ya kurekodi Kisilu akachelewa, babako akaanza peke yake, akamwachia nafasi zake. Hatukujua ameshafia barabarani. Baadaye wakataka kuweka mtu mwingine, babako akakataa kabisa."

"Alikuwa anajibu aje?"

Akaniimbia kwa simu, sauti inakwaruza. Noti chache tu, zinashuka pole pole.

Gachau akatoa ngoma bila kuambiwa. Nikapiga hizo noti na gitaa yangu ya umeme, kila pengo, bila madoido.

Jioni nikafika nyumbani, nikaweka simu kitandani kando ya kichwa cha Mzee. Mstari wa kwanza, akageukia ukuta kama kawaida.

Kisha gitaa yangu ikajibu.

Akageuka. Akaniangalia sana.

"Kisilu," akasema. "Umechelewa."

Iliniuma, siwezi danganya. Nilitaka kumwambia ni mimi, Muema, mtoto wako. Mwaitu akanifinya mkono.

Sijawahi kumwita babangu kwa jina maishani.

"Pole, Kaleli," nikasema. "Barabara ilikuwa mbaya."

Akacheka kidogo. Akaitisha uji, akanywa nusu kikombe.

Tulimzika wiki iliyofuata. Jina langu hakuwahi kuliita tena.

Wasee, mgonjwa wako akilia, usikimbilie kumwonyesha unachojua. Uliza kwanza anamngoja nani. Na kama si wewe, kubali tu kuwa huyo mtu.