Nilivyokata pedali ya cherehani ya mke wangu nitengeneze controls za helikopta

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi hapa huwa msomaji tu, sina uzi hata mmoja. Lakini nimeona wengi mnauliza kuhusu controls za bei nafuu za flight simulator, hasa za helikopta, nikaona niandike yaliyonipata. Sitaongeza chumvi. Sehemu kubwa ya hii stori inaniaibisha mimi mwenyewe, na sioni mtu akidanganya ndiyo ajiaibishe.

Kwanza mnijue kidogo.

Naishi Kiamunyi, Nakuru, na kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji. Zamani nilikuwa fundi wa irrigation kwa shamba moja la maua kule Naivasha, nikipanga chumba Karagita. Mgeni wa shamba akija na helikopta, sisi ndio tulikuwa tunatumwa kushikilia nailoni za greenhouse zisipeperushwe. Wenzangu walikuwa wanafumba macho kwa sababu ya vumbi. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya rubani kupitia kioo.

Haikuwa inasonga. Chuma yote hiyo imesimama hewani na jamaa amekaa kama mtu anangoja chai.

Hiyo picha ilinikaa kichwani miaka mingi. Mwaka jana nikapata computer ya mtumba yenye nguvu kidogo, nikaweka simulator, na siku hiyo hiyo nikagundua kwamba helikopta hairushwi na keyboard.

Kwa wale hawajui, helikopta ina vitu vitatu vya kushika. Kuna fimbo katikati ya magoti, cyclic, ya kwenda mbele, nyuma na kando. Kuna lever ya mkono wa kushoto, collective, ukiivuta unapanda na ukiishusha unashuka. Halafu kuna pedali mbili za kugeuza pua. Ukigusa kimoja, vile vingine viwili vinataka kurekebishwa. Kusimama tu hewani mahali pamoja, kile wanaita hover, ndio mtihani wenyewe.

Set ya kununua kutoka nje sikuweza hata kuiota. Nikaenda njia ya mtaa.

Cyclic nilitumia paipu ya maji na grip ya pikipiki. Collective ni handbrake ya gari iliyobomolewa. Nilitoa yale meno yanayoifanya ikwame, nikaikaza na bolt na kipande cha tube ya baiskeli ili ibaki pale unapoiachia. Board ndogo ya elektroniki inasoma kila kitu, na computer inadhani umeichomekea joystick ya duka.

Hapa nitoe onyo kabla nisahau. Usitumie knob ya volume ya radio kama sensor ya kupima lever imesogea wapi. Mimi nilitoa mbili kwa amplifier iliyokufa nikajiona mjanja. Knob ya volume haiongezi kwa usawa, upande mmoja iko polepole na upande mwingine inaruka. Nilipoteza wiki mbili nikilaumu mikono yangu. Nunua potentiometer, yaani knob ya aina hiyo hiyo, lakini iliyoandikwa B, si A.

Zikabaki pedali.

Sasa mke wangu, Mama Imani, ni fundi wa nguo. Anashonea hapo sebuleni, kona moja yake na kona nyingine yangu. Cherehani yake ni ya miguu, ya zamani, aliachiwa na mama yake, na ilitoka Kakamega juu ya basi. Mimi mwenyewe ndiye niliifunga motor ya stima miaka minne iliyopita. Tangu hapo pedali ya chini ilikuwa imekaa tu, kazi yake ikiwa kuwekewa slippers.

Nafikiri mnaona ninakoelekea.

Hiyo pedali ni sahani pana ya chuma inayobembea katikati. Ukiizungusha ikae upande, mguu wa kushoto ukishuka wa kulia unapanda, vile tu helikopta inataka. Siku moja Mama Imani alienda mjini kununua vitambaa, nikaifungua. Kulikuwa na sikio la chuma pembeni, pale inaposhikwa ile fimbo ya kuzungusha gurudumu kubwa, na lilikuwa linanizuia. Nikalikata na grinder. Nikatoboa mashimo manne. Pale chini nikaweka ubao wa slippers, cherehani nikaifunika na kitambaa chake mpaka chini kama kawaida, na pedali yangu mpya nikaivika kipande cha carpet.

Alijua tu nimepata kitu cha kukanyaga. Hakuuliza kimetoka wapi, na mimi nikanyamaza.

Miezi mitatu nilijaribu hover. Wapi. Pua inaenda kushoto, nakanyaga kulia, inapita, nakanyaga kushoto, inapita zaidi, mpaka helikopta inajibwaga. Na kwa vile ni chuma juu ya sakafu, kila nikikanyaga ilikuwa inagonga. Mama Imani kutoka kwa kona yake alikuwa ananiuliza, "Leo umeanguka mara ngapi?" Sikuwa nahesabu.

Sasa kisa chenyewe.

Mwisho wa muhula alipata order ya gauni za graduation za nursery moja hapa karibu. Gauni thelathini na sita, za Ijumaa asubuhi. Ilikuwa order yake ya kwanza kutoka shule, na mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba zikitoka vizuri, uniform za mwaka ujao zitakuwa zake. Hiyo kazi alikuwa ameitafuta kwa muda mrefu. Nilimwona akisali juu yake.

Jumanne mchana, gauni kumi zikiwa tayari na zingine zikiwa zimekatwa, radi ikapiga transformer ya mtaa. Watu wa stima walikuja, wakaangalia, wakasema ni ya kubadilishwa na si kabla ya wikendi.

Mama Imani hakushtuka. Alisema tu, "Si kuna miguu." Akatoa kwa droo ule mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu kubwa na mashine, alikuwa ameuweka vizuri miaka yote minne, akainama kuinua kitambaa.

Nilikuwa nimesimama kwa mlango. Nilijua atakuta nini, na hata wakati huo sikufungua mdomo.

Akavuta ule ubao, akauweka kando. Halafu akaja kwa kona yangu, akatoa carpet.

"Baba Imani, hii si ni ya mama?"

Nikamwambia nilidhani haina kazi.

"Ungeniuliza."

Akaniwekea carpet mkononi. Wakuu, ningependa angenipigia kelele. Nilijisikia mdogo kabisa.

Kwa bahati lile sikio sikuwa nimelitupa. Nililichukua pamoja na pedali nikaenda mbio kwa mzee mmoja wa welding. Aliigonga na nyundo, akaisikiza.

"Hii ni cast iron, boss. Nikiichoma haraka inapasuka. Lazima niipashe moto pole pole, niichome, halafu ilale kwa jivu ipoe yenyewe."

"Lini, mzee?"

"Alhamisi jioni. Na usinisukume."

Kungoja Alhamisi jioni ilikuwa ni kuikosa hiyo order. Mafundi wa jirani walikuwa bila stima kama sisi, na wale wa mjini walikuwa wamejaa kazi zao za mwisho wa muhula. Nikarudi nyumbani nikamwambia yote, hata vile niliificha makusudi. Halafu nikavuta stuli upande wa kulia wa cherehani, nikatoa mkanda wa motor, nikashika lile gurudumu dogo la pembeni linaloendesha sindano.

"Wewe shona," nikamwambia. "Mimi nitazungusha."

Pindo la kwanza nililiharibu. Nilizungusha kama mtu anayewasha jenereta, sindano ikapita kona, ikavunjika. Alibadilisha sindano, akafumua, tukaanza tena.

"Unangoja nikuambie simama ndiyo usimame," akasema. "Ukinisikia, imeshapita. Angalia vidole vyangu, wacha mdomo."

Nikaangalia vidole. Nikapita tena, sasa kidogo.

"Na nguvu yote ni ya nini? Guza kidogo. Ngoja uone imefanya nini. Halafu guza tena."

Tulifanya hivyo Jumanne mpaka mwanga ukaisha, tukaanza tena Jumatano mapema dirisha likiwa wazi. Bega liliniuma mpaka nikawa nabadilisha mkono. Kufika Jumatano mchana alikuwa ameacha kuniambia chochote. Kidole chake kikilegea kidogo karibu na kona, mkono wangu ulikuwa umeshapunguza. Sikujua lini nilijifunza hiyo.

Alhamisi tukinywa uji ndipo aliniambia kitu ambacho sikuwahi kusikia miaka yote ya ndoa yetu.

"Hapo umekaa ndipo nilianzia. Miguu ilikuwa haifiki chini, mama akaniweka kwa gurudumu. Nilizungusha mwaka mzima kabla aniruhusu kushika kitambaa."

Niliangalia lile gurudumu. Rangi imeisha pale mkono unaposhika. Nilikuwa nimefanya kazi ya motor mwenyewe, nimefunga waya na kila kitu, na sikuwahi kujiuliza nani alimaliza hiyo rangi.

Jioni nikachukua pedali. Sikio limerudi na uvimbe wa welding, lakini limeshika. Zilikuwa zimebaki gauni tatu. Alifunga mkanda, akaweka miguu, na cherehani ikaanza kulia ile sauti yake ya zamani. Alitabasamu kidogo, si kwangu, kwa mashine.

Ijumaa asubuhi zote thelathini na sita zilifika shuleni. Mwalimu mkuu alizigeuza ndani nje akikagua mishono, na uniform akampa. Mama Imani aliporudi alilala mpaka saa nane mchana.

Nilitaka kuziba yale mashimo manne. Alikataa. "Yaache. Ukipita uyaone."

Mimi nikatengeneza pedali zingine, plywood, bawaba za mlango na spring mbili za kitanda kizee. Hizi niliomba kwanza, hata spring. Siku za mwanzo zilikuwa zinagonga sakafu vile vile kama za kwanza.

Halafu Jumapili moja baada ya kanisa, stima ikiwa imerudi, nilikaa nikavuta collective. Pua ikaanza kwenda kushoto. Mguu wangu ulitaka kupiga. Nikaguza kidogo, nikangoja nione imefanya nini. Nikaguza tena. Nikaacha kuangalia pua, nikaangalia mbali, kwa miti ya simulator, na nikawa napunguza kabla ifike.

Sijui muda gani ulipita. Mama Imani alikuwa anapiga pasi nyuma yangu.

"Baba Imani, umezima hiyo kitu?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Siskii miguu."

Nikamwambia iko hewani. Akaja na pasi mkononi, akasimama nyuma ya kiti, akaangalia ile helikopta imesimama juu ya nyasi haiendi popote.

"Ndiyo hii ulikuwa unatafuta?"

"Ndiyo hii."

"Sasa imetulia," akasema, akarudi kwa nguo zake.

Wakuu, niliyojifunza ni haya. Controls za nyumbani zinawezekana, na kama zinakushinda, kagua sensor kwanza halafu ujikague wewe. Guza kidogo, ngoja. Na chuma yoyote iliyokaa bure ndani ya nyumba, uliza ni ya nani na ilikuwa inafanya nini kabla ya kuwasha grinder.

Wenye uzoefu wa pedali za mbao, nisaidieni. Spring zangu zinavuta sana katikati, nimesikia wengine wanatoa kabisa na kuweka brake ya mpira. Na kama kuna mtu ashawahi kukata kitu cha mwenzake, aseme hapa pia, nisikae peke yangu.

Nikichelewa kujibu msinione nina maringo. Pedali ilipona na mkanda uko, lakini stima ikipotea siku hizi Mama Imani hatumii miguu. Ananiita nije kwa gurudumu, na mimi naenda.