Bega la Kushoto la Wagimin

Wagimin alikuwa na jibu moja kwa kila ugonjwa: upepo umemwingia. Kichwa kikiuma, upepo. Tumbo likijaa, upepo. Na dawa ya upepo pale Solo, mjini kwao kisiwani Java, kila mtu anaijua: mafuta ya moto mgongoni, kisha mke achukue sarafu akwangue mpaka ngozi iwe nyekundu. Mke mwenyewe alikuwa Sumirah, mkaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na mambo ya mumewe yalikuwa yamemfika shingoni.

Si kwamba aliudharau upepo. Yeye pia alikwanguliwa na mama yake tangu utotoni. Kilichomchosha ni makelele. Wagimin anaomba mwenyewe, halafu sarafu ikigusa tu, analia kama mtoto anayenyolewa. "Polepole, Mama Ratri! Unakwangua mtu au sufuria?"

Mwaka mmoja kizunguzungu kilimzidi. Nesi wa zahanati akamweleza kwa subira, Sumirah akiwa kando yake: huenda anainuka kwa pupa, au hanywi maji, au anashinda na njaa, au ni sikio la ndani, lakini presha yake iko juu, kwa hiyo ameze vidonge kila siku.

"Na kikikujia ghafla, upande ukafa ganzi, mkono ukalegea, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, msingoje. Hospitali, saa hiyo hiyo."

Wagimin akaitikia kwa adabu zote, kisha vidonge akavisahau juu ya tundu la tetere wake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi moja alikuwa akipandisha tundu hilo mlingotini ili ndege aote jua, akapepesuka. "Dunia inazunguka. Lete sarafu."

"Lete sarafu! Vidonge umemeza?"

"Vidonge vinatoa upepo?"

Sumirah akasonya, akaepua karai lake. Akaanza bega la kulia.

"Aaa! Polepole!"

Akahamia la kushoto. Kimya. Leo kapata akili, akawaza, na kwa kweli alifurahi. Akakandamiza. Kimya.

"Upepo sugu huo," akasema jirani yao Kasiyem, ameegemea uzio. "Ongeza nguvu."

Ngozi ilikuwa imeshaiva. "Baba Ratri, huumii?"

"Kwani umeshaanza upande huo?"

Sarafu ikamponyoka Sumirah. Maneno ya nesi yakamrudia yote.

"Mpe chai ya tangawizi, alale kidogo," Kasiyem akashauri.

"Alale wapi! Niitie gari!"

"Nioge kwanza," Wagimin akasema, "na lile shati langu la batiki..."

"Utalivalia garini, mwanamume we!"

Daktari alisema mshipa wa ubongo umeziba, na kwamba walifanya vyema kuwahi. Ganzi ingeondoka au isingeondoka, hakuahidi. Sumirah akakaa kando ya kitanda amejaa hasira: na tetere, na Kasiyem, na huyu mtu aliyelala pale akilalamikia uji wa hospitali. Zaidi alijikasirikia mwenyewe, maana miaka yote alimwomba Mungu amnyamazishe mumewe. Kila asubuhi alimkwaruza bega la kushoto kwa ukucha. Hakuna kitu. Kesho yake tena, hakuna.

Halafu siku moja, alipokuwa amekata tamaa na anakwaruza kwa mazoea tu, Wagimin akaruka.

"Polepole, mwanamke! Mimi sufuria?"

Sumirah akaangua kilio, akamkwaruza tena.