Sindano ya Kajri

Lautan Chaudhari alikuwa mlezi wa ng'ombe wazee kijijini kwao, chini ya vilima vya Nepal. Huko ng'ombe aliyeishiwa maziwa hachinjwi. Huletwa kwa mlezi, akalishwa mpaka afe mwenyewe, kisha mzoga huburutwa uwanjani waje kuula tumbusu, wale ndege wakubwa wala mizoga. Sharti ni moja tu: asiwe amechomwa sindano ya maumivu, kwa kuwa tumbusu akila nyama yenye dawa ile, figo zake huharibika, akafa. Lautan ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kulihubiri sharti hilo, tena kwa ukali, utadhani wenzake wote viziwi.

Kajri alikuwa ng'ombe wake mwenyewe, amemlea tangu ndama. Miguu ilipomkatalia, akalala siku tatu akigumia, Lautan alishindwa kuvumilia. Alivuka mpaka, akanunua dawa ile ile, akamchoma. Kesho yake Kajri akafa. Phulmati, mwenyekiti wa kijiji, alipomuuliza kama mzoga ni safi, aliitikia kwa kichwa. Aibu ilimfunga mdomo.

Kunguru walitangulia, wakadonoa macho. Mbweha wawili wakawa wanazungukazunguka pembeni. Tumbusu walijaa juu ya msufi, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, ndivyo walivyo. Hatimaye mmoja akashuka, akapenyeza kichwa chini ya mkia, akanyofoa. Lautan alilitazama tonge likishuka kooni. Akalitazama na la pili. Hapo ndipo alipotoka mbio kibandani alimokuwa akichungulia, akajitupa juu ya mzoga, na ndege wote wakarudi mtini.

Watu walimkuta pale pale, damu imemjaa kifuani.

"Kaka Lautan, umepatwa na nini?" Phulmati aliuliza.

"Nilimchoma, dada. Jana. Nikakudanganya."

"Wewe? Si wewe uliyemfukuza mjane na ng'ombe wake aliyechomwa sindano, mbele ya watu?"

"Ni mimi."

Phulmati aliagiza majembe, mzoga ukafukiwe. Kisha akauliza kama kuna tumbusu aliyekwisha kula. Lautan alitamani kusema hakuna. Neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Mmoja," alisema. "Nilimwona anaanza, nikanyamaza."

"Yupi?"

Akainua macho. Walikuwa arobaini na kitu kwenye yale matawi, wote wamekunja shingo, wote wakimtazama yeye, na hakuweza kumtambua.