Dume Lililonusa Koti la Baba

Ng'ombe aliwahi kutoa ushahidi mbele ya mwalimu. Mimi nilikuwepo.

Ushahidi wenyewe ulikuwa dhidi yangu.

Shuleni kwetu, nje kidogo ya Bunda, kila mtu alijua nani tajiri na nani kapuku. Keraryo alikuwa tajiri. Bweni zima tulimwita Bilionea, maana waliowahi kupita kwao, vijijini Butiama, walikuta zizi limefurika ng'ombe.

Mimi Gody nilikuwa kapuku niliyethibitishwa. Baba yangu anaziba pancha za baiskeli mtaani Nyasho. Jumamosi hafungui, anakwenda msibani. Alikuwaga na misiba mingi Butiama, mpaka nikadhani huko watu wanaisha.

Koti lake kuukuu nililirithi mimi, mifukoni limejaa chenga za magadi. Mama alikuwaga anafoka, baba anajibu, "Ya kiungulia."

Mimi na Keraryo wote tulisomeshwa na wafadhili, kama watoto wa maskini.

Sasa lile jina la Bilionea likatembea, likafika ofisini.

"Keraryo," Madam Adventina akasema, "kesho tunaenda kwenu. Nikikuta hao ng'ombe, nafasi yako ya ufadhili anapewa anayeihitaji."

Nikajipachika kwenye msafara, kama kiranja wa bweni. Ukweli, nilifuata maziwa mgando.

Tulifika jioni, ng'ombe wanarudi. Zizi likajaa likatapika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, mlango umefungwa kwa kamba. Madam hakuitazama. Alitazama pembe.

"Mzee Samweli, hawa ng'ombe wa nani?"

Baba yake Keraryo akainamisha kichwa. "Wanalala hapa, mwalimu."

"Sijauliza wanalala wapi. Ni wako?"

Mzee akawatazama ng'ombe.

"Baba, sema," Keraryo akanong'ona. "Nitafukuzwa, baba."

"Kuna neno la mtu nimelibeba, mwanangu. Siwezi kulitua."

Madam akavuta pumzi. "Basi. Keraryo, hurudi na sisi."

Mama yake, kibuyu cha maziwa mkononi, akakaa chini pale pale.

Mimi nina ugonjwa. Kimya kikizidi, lazima nifanye ujinga.

Nikapiga mluzi. Mluzi wa baba, ule anaotuitia chakula: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaopanda.

Dume kubwa jeusi likainua kichwa. Likaja mbio.

Madam akakimbilia nyuma ya gari. Mimi nikajikunyata ndani ya koti la baba.

Likasimama mbele yangu, likazamisha pua kwenye mfuko wa koti, likaanza kulamba magadi. Nyuma yake zizi zima likasogea, taratibu, kama waumini wanaokwenda komunyo.

"Mluzi huo kakufundisha nani?" Mzee Samweli akauliza.

"Baba."

"Baba yupi?"

"Bernado. Wa Nyasho."

Mzee akafumba macho, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mwalimu, mimi sijasema. Wamesema ng'ombe."

Misiba yote ya Butiama ikaniingia kichwani kwa mkupuo. Baba alikuwa amemwachia Mzee Samweli mali yake, na kila Jumamosi alikuja kuiangalia. Mzee anachunga, ujira wake maziwa, na mwenye ng'ombe hatajwi, ndugu wasije wakaomba.

Madam akanigeukia. "Gody. Na wewe si unasomeshwa na wafadhili?"

Uongo mzuri kabisa ulikuwa ulimini: mluzi ni wa watu wote, dume limekosea mtu.

Nikamtazama Keraryo. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri.

"Ndiyo, Madam. Ila ng'ombe ni wetu. Bilionea ni mimi."

Keraryo alibaki shule. Nafasi yangu ikaenda kwa Rhobi, ambaye tulimdhania wa kishua kwa sababu viatu vyake vinang'aa. Kumbe viatu hivyo ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo.

Likizo nikamkuta baba kibandani, kashika tairi.

"Misiba ya Butiama inaendeleaje, baba?"

Hakucheka. "Safari hii msiba upo kweli. Nimeuza dume, ulipiwe ada."

Ndugu msomaji, ukimwona mtu kasimama katikati ya ng'ombe, usiharakishe kumwita tajiri. Huenda anachomiliki pale ni kibuyu tu.

Na kabla hujamwonea baba yako huruma, nusa koti lake.