Mota Iliyonguruma Bila Kuzunguka

Keti, mwanangu, na usinikatize. Nakumbuka siku moja ambayo hasira yake haijanitoka, na leo umeichochea, ulipomwita yule mama jirani yetu mulozi, yaani mchawi.

Nilikuwa msichana, najifunza kutengeneza mota za umeme kwa baba yangu hapa mtaani Kamalondo. Mama yangu alipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga ya Papa Ilunga, kule mtaa wa Hewa Bora. Zamu yake ilipofika, mota ikanguruma tu, haikuzunguka. Papa Ilunga akamwamuru atoke nje. Mama alipotoka, Papa akausukuma mkanda wa mota kwa mkono, mota ikazunguka mbio. Watu wakaona huo ndio ushahidi kwamba mama ni mulozi. Walimwaga mahindi yake barabarani, mmoja akamrushia jiwe. Mama alirudi na damu kwenye kilemba.

Kesho yake nilikwenda naye kwenye mashine ile, nikamketisha kando ya mota mbele ya wote. Nikawasha: ikanguruma. Nikausukuma mkanda kwa ubao: ikazunguka, na mama yupo palepale. Nikaizima, nikasukuma upande mwingine: ikazunguka kinyume.

"Rota, ile ya katikati yenye kuzunguka, hakuna waya inaigusa," nikawaambia. "Courant, ule umeme, inapita mu nyaya za pembeni, nguvu ya sumaku inazunguka, inaamsha courant ndani ya rota, inaikokota. Inaomba nyaya tatu. Moja ikikosa, nguvu haizunguke tena, inatetemeka tu pahali pamoja. Ukiisukuma, itaenda kwenye umeisukumia. Fizibli moja, ile fyuzi ya kulinda waya, imeungua, Papa. Bulozi iko wapi?"

Papa Ilunga akafungua sanduku la umeme, akaiona fizibli nyeusi. Akaomba msamaha, akaahidi gunia zima la mahindi.

Mama akamtazama. "Mahindi utanirudishia. Jina yangu utairudisha na nini?"

Jina halikurudi, mwanangu. Mpaka anakufa, kanisani walikuwapo waliosogeza watoto wao mbali akikaa karibu.

Basi sikia. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Usilolijua, uliza, ukishindwa kuuliza, nyamaza. Kutojua si dhambi. Dhambi ni kumtwika mwenzio ujinga wako, ukauita bulozi.

Sasa inuka, nenda kwa mama yule, piga magoti, uombe radhi. Mungu akulinde na mdomo wako mwenyewe, akupe moyo wa kuchunguza kabla ya kuhukumu, na wanao wasione kamwe damu kwenye kilemba cha mama yao.