Dakika Tano za Mzee Kioko

Kila nikipita Isinya, mwanangu, nakumbuka mazishi niliyoyaongoza nikiwa mwalimu kijana, mwenye tai mpya na sauti kubwa kuliko akili.

Aliyefariki alikuwa Mzee Lemayian, mmoja wa wale waliopigania uhuru wa nchi hii wakatiwa kizuizini. Mwenzake wa huko kizuizini, Mzee Kioko, jirani yangu hapa Kitengela, alikuwa ameniomba jambo moja tu: dakika tano za kusema kabla jeneza halijateremshwa. Nilimwandika kwenye ratiba kwa mkono wangu. Alikuja na koti lake la kanisani, akaketi mstari wa mbele.

Mheshimiwa wetu, aliyekuwa akitafuta kura, alifika akiwa amechelewa saa mbili, na watu wanane nyuma yake. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa. Nikamwinamia Mzee Kioko.

"Baba, naomba usogee nyuma kidogo, wageni wapate mahali."

"Kwani mimi ni mwenyeji?" aliniuliza akitabasamu, lakini akainuka.

Mheshimiwa alizungumza karibu saa nzima. Alimtaja marehemu mara mbili, na mara moja alikosea jina. Aliwasema wapinzani wake, watu wakacheka, na nakiri hata mimi nilicheka. Kisha wingu likatanda upande wa Ngong, mchungaji akanionyesha saa yake, nami nikakata jina moja kwenye ratiba. Lilikuwa la Mzee Kioko.

Baada ya kaburi kufukiwa, watu walimsindikiza mheshimiwa hadi kwenye gari, watoto wa marehemu wakiwa mbele. Mzee Kioko alibaki peke yake kando ya udongo.

"Baba, utanisamehe. Muda ulituishia."

"Haukuisha, mwalimu. Uliugawa, mimi ukaninyima."

Hakupandisha sauti. Akavua kofia, akamwambia rafiki yake yale aliyokuja kusema. Kwamba yeye Kioko alipougua malaria kambini, walikolazimishwa kubeba mawe, Lemayian alimbebea mawe yake juu ya yale yake mwenyewe, siku kumi na moja, akachapwa kwa kumsaidia. "Nilitaka watoto wako wajue," akamaliza. "Amesikia mwalimu tu." Mvua ikaanza kunyesha.

Mzee Kioko naye alitutoka zamani. Watoto wa Lemayian waliuza ardhi wakatawanyika. Nilimpata mmoja Kajiado nikamsimulia; alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama baba yake aliwahi kuwa na cheo. Sasa mama watoto ametangulia, wanangu wako mbali, na majumba ya kupangisha yamenizunguka pande zote. Namshukuru Mungu kwa uzima. Lakini siku nyingine nayarudia maneno yale ya Mzee Kioko kwa sauti nikiwa peke yangu sebuleni, nisije nikayasahau.

Sisemi wale wa zamani walikuwa malaika. Waligombana, na baadhi yao vyeo viliwabadilisha. Wala sisemi waheshimiwa wa leo hawafanyi kitu. Maji ninayokunywa yanatoka kwenye kisima alichochimbisha mmoja wao, ingawa jina lake kwenye tangi ni kubwa kuliko tangi lenyewe. Ila Lemayian alipoinua mawe yale, hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.

Basi, mwanangu, kabla hujamsifu kiongozi, uliza alimfanyia nini mtu asiyeweza kumlipa. Wala usiwalaumu wao peke yao. Mheshimiwa yule hakuninyang'anya kipaza sauti. Mimi ndiye niliyemkabidhi. Ukipewa kuongoza watu, mtangulize aliyeumia kwa ajili ya wengine, mwenye msafara wa magari angoje zamu yake. Na kama una mzee karibu nawe mwenye neno la kusema, mwendee wiki hii.

Bwana akulinde utokapo na uingiapo. Akupe rafiki wa kweli, na akujalie kumshukuru angali hai, mbele ya watoto wake. Amina.