Kinu cha Koko na Wimbo wa Mbio

Jumamosi iliyopita nilikuwa napanda ngazi za jengo letu la Bukoto, mfuko wa viazi mkononi, na kabla sijafika orofa ya pili nikausikia ule wimbo. Ngoma moja kwanza, taratibu. Kisha ya pili juu yake. Kisha kinanda chembamba kikapanda mbiombio, na ngoma zote zikaanza kukimbizana. Rafiki yangu, mimi ni mtu mzima, nagombana na wauza mkaa bila kupepesa jicho, lakini mfuko ulinichomoka palepale. Viazi viwili vikanitoka vikaporomoka mpaka chini kwa fundi cherehani.

Alikuwa mdogo wangu. Ana miaka kumi na mitatu, na hasikii. Masikio yake yaliziba akiwa bado ananyonya. Mwenzake wa shule alimwekea gemu la zamani kwenye flashi, naye akaunganisha spika na kufungua sauti mpaka mwisho, asijue kwamba jengo zima linatikisika na jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Goti lake alikuwa amelibana kwenye spika. Nikaingia nikaikata sauti. Goti likamwambia kwamba kumenyamaza, akageuka na kuniuliza kwa mikono: kwa nini? Nikainama kupanga viazi. Kabla sijamjibu yeye, wacha nianze kwa kukuambia wewe.

Miaka ile tulikuwa wanne katika chumba kimoja hapa hapa Bukoto. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi sisi tuliotoka Kongo ya mashariki. Mama, aliyekuwa na meza ya vitenge katika soko la Owino. Mdogo wangu, mwenye mwaka na nusu, mnene, mcheshi, anayeitika jina lake hata ukilinong'ona. Na mimi, msichana wa miaka kumi. Baba alirudi kule kabla mdogo wangu hajazaliwa, na hilo hatukuliongelea.

Kazi yangu ilikuwa sombe. Mama alirudi sokoni na fungu la majani ya muhogo, nami nilikiketisha kinu cha Koko uani na kutwanga mpaka majani yawe uji wa kijani. Bado nakumbuka ile harufu mbichi inayokaa kwenye vidole siku mbili, halafu mafuta ya mawese yakichemka, na Koko akionja kwa kijiko cha mti huku akisema sombe haitwangwi kwa hasira, itauma tumbo. Tulikula bugali na sombe kutoka sahani moja kubwa ya bati, mimi na yeyote aliyekuwepo. Kwetu watoto hawapewi sahani kila mmoja na yake. Ukimwona mtoto amewekewa chakula pembeni, ujue kuna jambo.

Chumba cha pili alikaa dada mmoja Mkenya, mrefu, mwenye kicheko cha kufungua milango, aliyetengeneza kompyuta za watu. Kwake kulinuka waya ulioungua na chai ya tangawizi. Likizo ya Desemba aliniita ndani, akaniweka mbele ya kompyuta na kunionyesha gemu. Kijitu kidogo chenye kitambaa chekundu shingoni kinakimbia juu ya mapaa ya mji unaoungua, na nyuma yake wanakuja wasio na nyuso. Ukikimbia polepole, muziki una ngoma moja. Ukiongeza mwendo, ngoma zinaongezeka, mpaka chumba kizima kinakimbia pamoja nawe. Ukisimama, zote zinakufa, inabaki ile moja, du, du, du, na hapo ndipo wanakukamata.

"Usisimame!" alinipigia kelele. "Kimbia, msichana, kimbia!"

Nilikimbia likizo yote. Sijui nikuelezeje utamu ule uliochanganyika na hofu. Tulipotoka kwetu nilikuwa na miaka mitatu, mgongoni kwa Koko, na sikumbuki chochote ila kuruka-ruka kwa mgongo ule. Sasa nilikuwa nakimbia kwa miguu yangu mwenyewe, na palikuwa na muziki. Nikaanza kutwanga sombe kwa mwendo wake. Nikavuma wimbo wake nikichota maji na nikifua nepi. Koko akaniambia asubuhi moja kwamba nauvuma hata nikiwa usingizini, na miguu inapiga shuka.

"Ni mwimbo gani ule?" aliniuliza. "Si wa kanisa. Si wa kwetu."

Nikacheka. Sikujua kwamba hapakuwa pa kucheka.

Wiki ile ile mdogo wangu akapata homa. Asubuhi aligoma kunyonya, mchana shingo ikakakamaa, akageuza macho na mwili wote ukashtuka-shtuka mikononi mwa mama. Wakampeleka hospitali ya Mulago. Mama akabaki naye huko, na mimi nikabaki na Koko, na chumba kikawa kikubwa ghafla.

Kanisani kwetu, pale kwenye kibanda cha mabati, kulikuwa na mama mwombezi ambaye kila mtu alimwogopa kidogo, mimi nilimwogopa sana. Alikuja kutupa pole. Mimi nilikuwa uani natwanga sombe ya kupeleka hospitali, na mchi ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa gemu, mikono inajiendea yenyewe. Akasimama akanitazama. Kisha nikamsikia mlangoni akimuuliza Koko mtoto alianza kushtuka saa ngapi, na mimi saa ile nilikuwa nafanya nini.

"Alikuwa anatwanga," Koko akasema.

"Anatwanga. Na anaimba?"

Koko akakitazama kinu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama," akasema yule mwombezi. Hakulitaja neno lenyewe. Hakuwa na haja. Sisi watoto wa kanisa lile tulijua mtoto anayeimba nyimbo zisizo na mwenyewe huku mdogo wake anakauka anaitwaje. Tulimjua mvulana aliyefungiwa chumba cha maombi siku tatu bila chakula wala maji, akakubali kwamba ni mchawi ili apewe maji, na alipokubali, kwao wakamfukuza. Nilimwona baadaye karibu na Owino akilala kwenye maboksi. Mama mwombezi akasema nipelekwe chumba hicho Ijumaa.

Jioni hiyo Koko alipakua bugali, akaniwekea sahani yangu peke yangu.

Ilikuwa sahani ndogo ya plastiki, ya buluu. Aliiweka karibu na mlango, kisha akaenda kuketi kule ukutani na sahani kubwa ya bati magotini, akala bila kunitazama. Nimeshaogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa ile sahani. Koko aliyenibeba msituni alikuwa ananiogopa mimi!

Basi nikaamua kuuacha wimbo. Hebu jaribu wewe kuufukuza wimbo ulio kichwani. Niliuma ulimi. Nilijimwagia maji ya baridi utosini. Niliimba tenzi, moja baada ya nyingine, na kila utenzi ulipofika ubeti wa pili ulianza kukimbia, ngoma zikaingia, na nikajikuta juu ya mapaa tena. Kila ulipokuja nilimwona mdogo wangu akigeuza macho. Nikaanza kuamini. Hilo ndilo ambalo watu hawalielewi kuhusu mambo haya: mtoto akiambiwa vya kutosha, anaamini kabla ya wakubwa. Nilijua ndani ya mifupa yangu kwamba wimbo ule unamla, na kwamba mwenye kuutoa ni mimi.

Alhamisi nikaenda kwa dada Mkenya. Nilipiga magoti mlangoni pake, nikamwambia autoe wimbo wake kichwani mwangu kabla mdogo wangu hajafa.

"Nini?" Akaweka chini bisibisi. "Hebu kuja hapa. Nani amekuambia hivyo?"

Nikamwambia yote, mpaka ile sahani. Hakucheka kile kicheko chake. Alitoka moja kwa moja mpaka kwetu, nami nyuma yake.

"Shosho," alimwambia Koko, "kabla umpeleke huyu mtoto popote, kuja usikie hiyo kitu."

Koko alikuja. Alisimama kizingitini na Biblia kifuani, hakutaka kuingia. Ngoma ya kwanza ikaanza.

"Ni nani anaimba?"

"Hakuna mtu, shosho. Ni mashine tu."

Ee Mungu wangu, hilo ndilo alilokosea. Koko alirudi nyuma hatua mbili. "Mwimbo bila mutu?" akasema, na nikaona uso wake umefungika, nikajua nimekwisha. Dada Mkenya naye akajua. Akanishika mabega, akaniketisha kwenye kiti. "Mwonyeshe wewe," akaninong'oneza. "Mimi sijui kuongea na wazee."

Nikakimbia. Vidole vilikuwa vimelowa jasho, machozi yananiziba macho, lakini nilikimbia kuliko siku zote, ngoma ya pili, ya tatu, ya nne, kinanda. Sikusikia Koko akiingia. Niliisikia tu sauti yake juu ya kichwa changu.

"Unakimbia nini?"

"Wale nyuma."

"Ukisimama?"

"Wananikamata, Koko."

Kisha akasema, "Simama."

"Siwezi."

"Simama, mutoto. Minaweka Biblia chini, unaona? Mikono yangu yote iko kwako. Simama."

Nikaachia. Ngoma zikafa moja moja, ikabaki ile ya du, du, du. Nilifumba macho. Nilijua wamefika. Nilipofumbua, kijitu chenye kitambaa chekundu kilikuwa kimeanguka, kisha kikainuka kule mwanzo, kikasimama kinasubiri.

"Amerudi?" Koko akauliza.

"Anarudi kila mara."

Koko alisikiliza ile ngoma moja, kidole chake kinaipiga begani kwangu. "Kumbe," akasema, kama anaongea na mtu mwingine. "Hii ni ya kutwanga. Ni mchi tu huu." Na baada ya kitambo: "Njiani, siku zile, ulikuwa unavuma mugongoni kwangu. Nilikukataza, nikaogopa watatusikia. Nilikuziba kinywa kwa mukono wangu."

Jioni alipakua bugali kwenye ile sahani ya buluu, akaiweka tena karibu na mlango. Kisha akaja akaketi mlangoni, sakafuni, magoti yake yakilia, akamega kutoka sahani yangu na kula. Akamega tena. Tulimaliza pamoja. Ijumaa mama mwombezi alipobisha hodi, Koko alimjibu bila kufungua mlango wote kwamba mtoto wake haendi popote, na kama kuna wa kufunga siku tatu, atafunga yeye Koko mwenyewe kwa dhambi zake.

Ningependa kukuambia hofu iliishia hapo. Wiki mbili baadaye mama alirudi kutoka Mulago na mdogo wangu mgongoni, amekonda lakini mzima, na sote tukapiga vigelegele. Nikamwita jina lake. Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu. Alikuwa anachezea kamba ya kitenge, anatabasamu. Daktari alishamweleza mama: homa ya uti wa mgongo, mara nyingine inaondoka na masikio. Mama mwombezi hakuja kusema lolote, lakini pale kanisani nilisikia wanawake nyuma yangu: lisemwalo lipo.

Sikuuvuma tena wimbo ule. Nilijifunza lugha ya mikono kabla ya mtu yeyote nyumbani, nikawa masikio yake sokoni na shuleni, na watu wakanisifu kwa moyo mwema. Hawakujua. Nilikuwa nalipia.

Koko tumemzika. Dada Mkenya alirudi kwao na kompyuta zake, na kile kibanda cha mabati sasa ni duka la matairi. Uani tulipotwangia wamejenga vyoo. Sombe nanunua iliyosagwa kwa mashine, kwenye mfuko, haina harufu ya kukaa kwenye vidole. Kinu kiko chini ya meza, tunawekea vitunguu.

Basi Jumamosi hiyo mdogo wangu aliponiona sijibu, aliandika kwenye simu: "Huu muziki unasikikaje? Wenzangu wanasema ni mkali."

Nilitoa vitunguu kinuni. Koko alikataza kutwanga kinu kitupu, kwamba kunaita njaa, nikatupia konzi mbili za karanga. Nikamketisha sakafuni, nikamwonyesha akikumbatie kinu kwa miguu na viganja vyote viwili. Nikainua mchi. Ngoma moja, taratibu. Nilikuwa nangoja kitu kibaya kitokee. Nikaongeza ya pili kwa kisigino. Macho yake yakafunguka. Haraka, akaashiria kwa kidevu, haraka! Nikakimbia. Nilikimbia mpaka pumzi ikanikata na jirani wa chini akasalimu amri, na nilipoachia mchi, chumba kilinyamaza kama siku ile Koko aliponiambia nisimame.

"Umejifunza wapi?" akaandika, jasho linamtoka, anacheka.

Nikachukua simu. Niliandika yote: gemu, sombe, mama mwombezi, sahani ya buluu. Niliandika kwamba sehemu yangu yenye miaka kumi bado inaamini nilimtwanga masikio yake mle kinuni. Nikampa simu, nikarudi kuketi kule karibu na mlango.

Alisoma polepole. Alirudia tangu mwanzo. Mimi sikutazama uso wake, nilitazama mikono yake tu, na hofu yangu ilikuwa ile ile, haijazeeka hata siku moja. Aliweka simu chini. Akatia vidole kinuni, akachota karanga zilizopondeka, akala. Kisha akakisukuma kinu kizito sakafuni, kidogo kidogo, mpaka magotini kwangu, akaketi ng'ambo yake na kuningoja nimege.